Manowari ya boksi: Kuna ubaya gani?

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili ametengeneza manowari. Hakununua vipande vya kiwandani. Amekata maboksi ya viatu, njiti za kiberiti, uzi wa kushonea na sindano za hospitali, vyote kwa kipimo cha 1 kwa 200. Meli yenyewe ni Thrush ya Waingereza, iliyokuwa na urefu wa mita 50 hivi. Kwake imekuwa sentimita 25. Kazi safi, maashallah. Hata chumba cha chini, ambako jicho halifiki, amekitandikia sakafu.

Mzee mmoja msikitini aliuliza kama hili si sanamu. Hapo sina shaka: Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji kwenye miti na vitu visivyo na roho. Lililoninyima usingizi ni jingine.

Thrush ni miongoni mwa meli zilizolipiga kasri la Sultani pale Unguja tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukataa kutoka. Vita vile havikufika hata saa moja. Upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500, upande wa Waingereza akajeruhiwa mmoja. Je, inafaa kijana wetu akeshe akiisugua mizinga ile sita kwa mapenzi namna hii?

Nilitaka kumkataza. Nikamuuliza kwa nini asitengeneze Glasgow, meli ya Sultani. "Ustadhi, hiyo si ilizama?" akajibu, kana kwamba nimeuliza upuuzi.

Jibu lile liliniuma. Kupenda chombo kilichoundwa vizuri si kosa, hata upanga hupendeza. Lakini kwa kipimo chake mtu mzima ni milimita nane, punje ya mchele. Ukivitazama vitu kwa ukubwa huo miezi mitatu, watu hupotea bila wewe kukusudia. Na somo la kwamba aliyezama hana habari, hilo (tuseme kweli) kalipata kwetu walimu.

Sikumkataza. Nilimweleza kwamba Glasgow ilizama penye kina kifupi, milingoti yake mitatu ikabaki juu ya maji kwa miaka, watu wa mjini wakiiona. Alinyamaza.

Juma lililofuata alikuja na ubao mpana zaidi, kaupaka buluu, akauliza milingoti ile ilisimama umbali gani kutoka kasri. Tumekaa na ramani ya bandari tangu Alasiri.