Mguu Uliochelewa Kurudi

Jioni tulikuwa tunasukuma madawati hadi ukutani, tunafagia vumbi la chaki, na darasa la shule ya msingi linageuka dojo, ukumbi wa karate. Hapo ni Dar es Salaam, miaka kumi na kitu iliyopita. Mlango wa darasa ulikuwa wa bati, na komeo lake la chuma likiingia tunduni lilitoa mlio mmoja mzito, kwaa, uliosikika hadi kwa mama muuza vitumbua ng'ambo ya barabara. Mwenzetu mmoja alikuwa na teke la pembeni ambalo likilipata gunia lilitoa mlio huohuo. Basi teke likaitwa Komeo, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko jina alilopewa na baba yake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole akishavua gi, vazi la karate. Mkanda mweusi aliupata akiwa na miaka 21. Ninayosimulia yalimpata yeye, lakini siku ile mimi nilikuwa kwenye kona yake, nimeshika ndoo na taulo, na mdomo wangu ulichangia. Nitafika huko.

Kwanza teke lenyewe. Wajapani huliita yoko-geri. Goti linapanda mbele ya tumbo, mwili unakaa ubavu, na unyayo wa mguu wa kusimamia unazunguka mpaka kisigino kimwelekee mpinzani. Hapo nyonga inaachiliwa na mguu unanyooka kwa nguvu ileile ya mtu anayesukuma gari lililozimika. Kinachogonga ni kisigino pamoja na ukingo wa nje wa unyayo. Misuli ya matako imesimama nyuma ya pigo, ndiyo maana mtu mwembamba anaweza kumpeleka mtu mnene hatua tatu nyuma. Tena ni pigo refu: mguu unaushinda mkono kwa urefu, na kwa kuwa kiwiliwili kimeegemea nyuma, kichwa cha mpigaji kiko mbali na ngumi za mwenzake. Liko la kuchapa kwenda juu, keage, na liko la kupenya, kekomi. Komeo lilikuwa kekomi.

Uzuri wote huo una bei yake. Kwa muda wa pumzi moja mpigaji amesimama kwa mguu mmoja, mgongo umegeuka nusu, na hana pa kwenda mpaka ule mguu mwingine urudi. Mwalimu wetu, mzee wa Goju-ryu asiyependa maneno mengi, alikuwa na dawa moja ya jambo hilo: kiti cha mbao. Unasimama kando ya kiti, unainua goti, unapitisha teke juu ya egemeo, unalikunja, unarudi ulikotoka, kisha ndipo unatua. Polepole, mara hamsini kila mguu. Kinachochekesha ni kwamba kiti hakianguki mguu ukienda. Wakati wa kwenda kila mtu anakumbuka kuinua goti. Kinaanguka mguu ukirudi, kwa sababu akilini mwa mpigaji kazi imeshakwisha. Mwenzetu alikichukia kiti kile. Mwalimu akiwepo alikipiga vizuri; Mwalimu akitoka kwenda kuswali magharibi, kiti kilisogezwa kando na gunia likaanza kulia kwaa, kwaa.

Kulikuwa na onyo jingine ambalo sote hatukulisikia. Mwanzoni kabisa mwa Kururunfa, mojawapo ya kata zetu, yaani mifuatano ya mapigo iliyopangwa, kuna teke la ukingo wa unyayo linaloshuka kwenye goti la mtu. Linaitwa kansetsu-geri, teke la kiungo. Kwenye mashindano ya karate kupiga viungo ni marufuku, kwa hiyo sisi tulilikariri kama kasuku, tukilipiga hewani, tukifikiria habari ya medali. Mwalimu aliwahi kusimamisha darasa na kuuliza, "Kata inapiga goti. Lipi?" Mmoja akajibu la kulia. Mzee akatikisa kichwa, akatuambia tuendelee.

Mashindanoni Komeo lilimlipa. Kwa kanuni za WKF, shirikisho la karate la dunia, teke safi la kiwiliwili ni waza-ari, pointi 2, wakati ngumi ni yuko, pointi 1. Mwamuzi akiona pigo limefika anapaza sauti, "Yame!", na wote wawili wanasimama. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipolelewa vibaya. Neno lile "yame" lilikuwa linamwokotea mguu wake na kumrudishia nyumbani. Ni kweli kanuni zinadai zanshin, yaani umakini usiokatika baada ya pigo, na mwamuzi asipouona anaweza kukunyima pointi. Yeye zanshin yake ilikuwa kelele kubwa na uso mkali. Macho yalikuwa yameshakimbilia kwa mwamuzi mguu ukiwa bado njiani. Walimpa pointi. Ningekuwa mwamuzi, na mimi ningempa.

Sisi tuliopambana naye kila wiki tulihangaika. Kosa la kwanza la kila mtu ni kurudi nyuma moja kwa moja, na nyuma ndiko teke linakokwenda. La pili ni kulipokea kwa mkono. Kiganja changu kilivimba wiki mbili nikawa nakula ugali kwa kijiko, nyumbani wakanicheka. Wako waliojaribu kumwingilia mapema, kumbana kifua kwa kifua kabla goti halijapanda, na hilo ni jibu zuri kwa mwenye miguu mepesi. Wengi wetu tulifika tumechelewa nusu hatua, na nusu hatua ndipo pabaya kuliko pote.

Aliyelipatia jawabu ni dada mmoja wa mkanda wa kahawia, mfupi, fundi cherehani. Hakulikinga. Alisimama mahali ambapo teke lilibakiza vidole vinne tu limfikie, na pale alitulia, akilitazama linyooke kama mtu anayepima kitambaa. Lilipoanza kukunjwa, akaondoka nalo, kana kwamba limemshika mkono kumkaribisha ndani. Mguu ulipogusa sakafu, ngumi yake ya mkono wa nyuma, gyaku-zuki, ilikuwa mbavuni pa mtu. Siku nyingine alipiga hatua ya mshazari upande wa mgongo wa mpigaji, akaufagia mguu kwa gedan-barai, mkono wa kufagia chini, na kaka yetu mzima akageuka kama mlango uliosukumwa, kisogo mbele.

"Kaka," alimwambia akifunga upya mkanda wake, "teke lako linakwenda kwa bodaboda, kurudi linarudi kwa miguu."

Tulicheka sana. Yeye pia alicheka, akasema ni bahati. Ilipofika mara ya nne aliacha kusema bahati, akaanza kuchagua kupambana na watu wengine.

Ni kipindi hicho alipoangukia video za zamani za Bill Wallace. Kuna Waafrika Mashariki wengi wa rika letu waliotekwa na mtu huyo. Wallace, Mmarekani aliyezaliwa 1945, aliumia goti la kulia katika judo mwaka 1966, na tangu hapo akategemea mguu wa kushoto kwa mateke yake. Alitwaa ubingwa wa dunia Los Angeles mwaka 1974, akastaafu mwaka 1980 bila kushindwa katika mapambano 23. Anasimama ubavu kabisa, mkono wa mbele umeshuka, mguu wa kushoto unachezacheza kama mkia wa paka. Mwenzetu alitazama video hizo usiku hadi bando la simu likakata.

Alichokiona ni mguu mmoja unaoshinda watu wote. Hakuona kwamba goti la Wallace likipanda hakuna aliyejua kinachokuja: kutoka goti lilelile lililoinuliwa lilitoka teke la pembeni, au la kuzunguka, au lile la ndoano linalopita kichwa kisha kurudi na kisigino. Mlango mmoja, wageni watatu. Komeo lilikuwa peke yake. Wala hakutazama kanuni. Wallace alipigana chini ya PKA, chama cha karate ya kulipwa, na PKA ilikataza teke lolote chini ya kiuno. Ilidai hata idadi, mateke yasiyopungua 8 kila raundi, ili watu wasigeuke mabondia waliovaa suruali ndefu. Chini ya kanuni hizo, kumwachia mpinzani ubavu na mguu wa mbele ni akili. Kwenye ulingo unaoruhusu teke la paja, msimamo huohuo ni kumwekea mchinjaji nyama ubaoni. Hata Joe Lewis, mwanamaji wa Marekani aliyejifunza karate Okinawa na kuvaa glovu ulingoni Januari 1970, naye akisifika kwa teke la pembeni, alijifunza ndondi ili mikono iingie pale mguu ulipofungua.

Mwaliko wa kikiboksingi ulikuja kupitia jimu moja ya mtaani. Raundi 3, ukumbi wa sherehe, viti vya plastiki, spika zinazokoroma. Teke la paja limeruhusiwa. Kabla hatujaondoka Mwalimu alimwuliza swali moja.

"Kiti umekipiga?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mzee alimtazama kidogo, akamwekea mkono begani, akarudi kwa watoto wa mkanda mweupe.

Raundi ya kwanza ilikuwa harusi. Komeo liliingia mara mbili safi, kwaa, mpinzani akaegemea kamba, ukumbi ukasimama. Sisi wa konani tukapandwa na wazimu. Kila tulipoona upenyo tulipiga kelele, "Komeo!", na yeye akalitoa, maana sifa ni kitu kibaya, zinakuagiza kama mtoto dukani. Raundi ya pili nikagundua kwamba mpinzani, kijana mfupi mwenye mapaja kama magogo, hamtazami mwenzetu. Ananitazama mimi. Anautazama mdomo wangu. Nilichelewa kuelewa. Tulipotamka neno, yeye alikuwa ameshasogea.

Alianza kwa kutoza kodi mguu wa mbele. Mtu akisimama ubavu, nyuma ya paja lake la mbele pako wazi, na kuinua muundi kukinga upande huo ni kazi ngumu. Teke la kwanza halikuonekana kitu. La tatu likamfanya mwenzetu abadilishe uzito. La tano, goti likawa halipandi tena hadi tumboni; linaishia kiunoni, na Komeo likaanza kutoka chini na polepole, kama komeo lenye kutu. Hapo mtu mwenye busara angebadili mguu, au angetumia mikono, au angekumbatia mpaka kengele. Lakini mimi nikapiga kelele.

Alilitoa. Kijana akapiga hatua upande wa mgongo wa mwenzetu, akausukuma mguu kwa mkono kama asukumaye pazia, na muundi wake ukatua kwenye paja la mguu uliokuwa umesimama. Sakafu ya darasa letu ilikuwa saruji iliyosuguliwa na viatu vya watoto. Unyayo ulizunguka hata ukiwa mvivu. Turubai la ulingo linashika. Kisigino chake hakikuwa kimefika kinakotakiwa. Mwili uligeuka, paja likageuka, unyayo ukabaki palepale. Mlio haukuwa kwaa. Ulikuwa mdogo, kama njiti ya kibiriti inayovunjwa ndani ya kitambaa.

Gegedu la goti lilichanika, na kano moja pamoja nalo. Miezi mingi ya magongo, pesa za michango, foleni za kliniki. Yule kijana alikuja kumwona siku ya pili na mfuko wa machungwa, akakaa ukingoni mwa kitanda akiwa na haya zaidi ya mgonjwa. Akatueleza kwamba kocha wake alimsimamisha mbele ya gunia linalobembea kwa mwezi mzima, na kumkataza kuligusa likija. Apige likirudi tu. Mimi nilitazama dirishani.

Wapo waliosema angebaki kwenye karate yake yasingemkuta, na kwamba michezo hii miwili haichanganyiki. Sikubaliani nao. Kilichompata kwenye turubai, fundi cherehani alikuwa amekwisha kumwonyesha kwenye saruji, kwa gyaku-zuki ya pointi moja, bila kumuumiza, mara nne. Tofauti ni kwamba darasani kulikuwa na mtu wa kusema "yame".

Mwalimu alipofariki, darasa lilibaki bila mtu jioni kwa muda, kisha mwenzetu akaomba ufunguo. Sasa ana watoto ishirini na kitu. Kiti ni kilekile, kimepigiliwa misumari mara nyingi hadi hakijulikani rangi yake ya kwanza. Nimepita mara kadhaa kukaa nyuma na kutazama, na nimeona kwamba mtoto akipiga, yeye haangalii unyayo unakokwenda. Anaangalia egemeo la kiti.

Juzi mtoto wa miaka tisa hivi alitoa teke zuri ajabu, goti juu, kisigino kimegeuka, mguu umenyooka kama rula. Wazazi waliokuwa dirishani wakapiga makofi. Mtoto akawageukia akitabasamu, na kiti kikaanguka. Mwalimu mpya akainama taratibu, goti lile likiwa pembeni kwa sababu halikunjiki sawasawa, akakisimamisha, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri.