Kabla ya Asali, Mjue Nyuki

Mwanangu, nimesikia unataka mizinga. Tena umeshapiga hesabu ya madebe. Kaa kwanza, unywe chai. Asali tutaifikia.

Ukienda, anzia mlangoni mwa mzinga, uangalie tu. Hao wanaoingia na kutoka na mizigo ni majike watupu. Ndio vibarua. Dume utamjua kwa macho makubwa yanayokutana utosini. Hana mwiba, wala hatafuti chakula. Kazi yake ni kumpanda malkia angani, na akifanikiwa anakufa palepale. Malkia hupandwa na madume wengi katika wiki zake za mwanzo, kisha huzitunza mbegu hizo mwilini kwa maisha yake yote. Yai lililorutubishwa huwa jike. Lisilorutubishwa huwa dume. Kwa hiyo dume ana mama, baba hana. Nilipoambiwa hivyo ujanani nilibisha sana.

Malkia na kibarua hutoka katika yai la namna moja. Chakula ndicho kinachowatenganisha. Mabuu wote huanza kwa ute mweupe unaotoka kwenye tezi za kichwani mwa vibarua. Buu wa malkia hulishwa huo hadi mwisho. Wengine huanza kuchanganyiwa asali na chavua. Malkia huibuka baada ya siku 16 hivi, kibarua karibu wiki tatu, dume siku 24.

Naye kibarua haendi porini siku anayozaliwa. Kwanza anasafisha vijumba. Halafu analea wadogo zake. Baadaye nta inamtoka tumboni, vipande vyembamba vyeupe, anavitafuna na kujengea sega. Kisha anakuwa mlinzi mlangoni. Mwisho kabisa ndipo anatumwa kwenye maua. Wakati wa kazi nyingi anaishi wiki sita hivi tu, na asali anayoiacha haijazi hata nusu kijiko cha chai. Nyinyi vijana mnataka kuanzia kwenye maua.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Mwaka mmoja kule Sikonge miombo ilichanua vizuri, nikarina masega ambayo vijumba vyake vilikuwa bado wazi. Mzee aliyenifundisha aliyatazama, akanyamaza. Mbochi wa maua una maji mengi, mwanangu. Nyuki huupepea kwa mbawa usiku na mchana hadi maji yapungue, yasizidi sehemu moja ya tano, ndipo wanaziba kijumba kwa nta. Mimi sikungoja. Asali ikatoa povu, ikachacha, vifuniko vikafumuka. Mnunuzi alinusa chupa moja, akaaga. Sasa nisipoona sega limezibwa karibu lote, nalirudisha.

Kuumwa utaumwa. Mwiba wa kibarua una vimeno, unanasa kwenye ngozi na kung'oka na sehemu ya tumbo lake. Yeye anakufa, mwiba unaendelea kusukuma sumu. Ukwangue upesi kwa ukucha. Hapo hutoka harufu ya ndizi mbivu, nayo ndiyo inayowaita wenzake. Ndiyo maana mzee wangu alikataza kula ndizi siku ya kurina. Moshi huifunika harufu hiyo, usiende bila moshi. Na mtu akivimba uso au akikosa pumzi, muwahishe hospitali. Huo si wakati wa kujikaza kiume.

Basi nenda jioni jua likipoa. Usijipake marashi. Pulizia moshi kidogo mlangoni, ngoja, ndipo ufungue. Masega yenye watoto usiyaguse. Asali nayo usiimalize, waachie ya kiangazi. Nyuki wetu hawa wakiona njaa hawakai kubishana nawe. Wanahama wote, pamoja na malkia wao.