Mlinzi wa Kujitolea na Haki ya Jirani

Mtu anayeacha kitanda chake usiku ili alinde ng'ombe wa jirani, wala asidai ujira, hapana shaka atenda tendo jema. Lakini je, wema wa nia yake watosha kumpa mamlaka juu ya mwenziwe? Swali hili watu wa Mwanza na Shinyanga wamekaa nalo kwa miaka zaidi ya 40.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukazidi. Wasukuma na Wanyamwezi, walipochoka kuona mwizi akikamatwa leo na kesho akiwacheka njiani, waliunda Sungusungu. Yowe likipigwa, wanaume walitoka na pinde na mishale. Wizi ulipungua, watu wakapata usingizi. Jambo hilo lastahili sifa. Walakini walinzi wale wale walikamata, wakashtaki, wakahukumu na kuadhibu. Na miongoni mwa walioteswa walikuwamo vikongwe waliosingiziwa uchawi. Asiye na hatia angemlilia nani?

Tusidhani ya kuwa sare peke yake ni dawa. Mwaka 1976, katika mikoa hiyo hiyo, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola vilivyokuwa vikichunguza mauaji. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa si yeye aliyeinua fimbo. Hapo twajifunza kwamba kila anayemshika mwenziwe, awe na mshahara au asiwe nao, sharti awe na mkubwa wa kujibu kwa ajili yake. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, nao Sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata. Kukamata, wala si kuhukumu.

Yuko mmoja ambaye husahauliwa katika mashauri haya, naye ni askari polisi mwenyewe. Yeye ndiye atakayekwenda doria pamoja na msaidizi asiyefunzwa, na yeye ndiye atakayempokea mtuhumiwa aliyekwisha kupigwa. Yafaa aulizwe kwanza. Wengine watasema, askari kazi yake kutii. Lakini Uingereza, baada ya migomo ya polisi ya 1918 na 1919, iliwakataza polisi kujiunga na vyama vya wafanyakazi, na papo hapo, kwa sheria ya 1919, ikawaundia chombo cha kuwasemea. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiwahusu polisi. Basi wajibu wa wakubwa wao kuwasikiliza wazidi kuwa mzito.

Yawezekana askari fulani atawapinga wasaidizi kwa kulinda hongo yake. Kumsikiliza si kumkubalia yote. Ni kupima neno lake kabla watu hawajaumia.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe ameitwa katika ulinzi shirikishi asiulize tu atapewa rungu gani. Aulize ni nani atakayemfundisha sheria, mtuhumiwa atakabidhiwa kwa nani, na jirani aliyeonewa atabisha hodi mlango upi. Pasipo majibu ya maswali hayo matatu, na alale nyumbani.