Maneno ya Kuazima

Tuseme, ewe msomaji, kwamba u mwanafunzi wa Kathonzweni, na kalamu yako imekwisha kusifiwa. Jioni moja mtu anayetaka kiti katika Bunge la Kaunti ya Makueni akuita, akuomba umtungie hotuba ya kusoma sokoni siku ya gulio. Ujira wake watosha karo ya muhula. Aya moja aitaka kwa sharti: useme kwamba maji ya bwawa la Thwake yatafika katika kila boma kabla ya mvua za Novemba. Bwawa hilo si ndoto. Ujenzi wake ulianza mwaka 2018, karibu na mahali Mto Thwake unapokutana na Mto Athi. Lakini siku ya kumalizika kwake imesogezwa zaidi ya mara moja, nawe wajua kuwa mgombea huyu hana amri yoyote juu yake. Je, utaandika?

Wako watu wasemao kwamba kazi yenyewe ni udanganyifu tangu mwanzo, kwa kuwa msemaji hujipamba kwa akili ya mwingine. Mimi sikubaliani nao. Mshenga huposa kwa ulimi mtamu kuliko wa bwana arusi, wala hapana mzazi anayedhani amehadaiwa. Joan Wicken, mwanamke Mwingereza, alikuwa msaidizi wa Julius Nyerere tangu mwaka 1960 hata 1994, akamsaidia kuandika hotuba zake nyingi za Kiingereza. Hakujitafutia sifa kwazo. Tena yeye mwenyewe aliamini ujamaa, na Nyerere hakuwa mtu wa kukosa fikira wala maneno. Huko Marekani, Theodore Sorensen alimsaidia John Kennedy kutunga hotuba ya kuapishwa kwake ya Januari 1961, na watu walibishana miaka mingi ni nani hasa aliyebuni maneno yake mashuhuri. Ubishi huo ni wa sifa tu. Aliyesimama na kuapa alikuwa Kennedy, na nchi ilimdai yeye.

Shida hasa iko mahali pengine. Uongo wa mtu mmoja una mwenyewe. Waweza kumshika mkono ukamwuliza. Uongo wa watu wawili huzaliwa yatima. Msemaji husema, "Niliandikiwa." Mwandishi husema, "Mimi sikusema neno." Kila mmoja amemwekea mwenzake nusu ya hatia, na mama aliyeamini, anayeteremka mtoni na punda wake kuchota maji, hajui amlaumu nani.

Mfikirie Muindi Mbingu. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa hoja ya kupunguza mifugo, aliwaongoza watu, waume kwa wake na watoto, hata Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Alisema kwa kinywa chake, na kwa maneno hayo alihamishwa mwaka ule ule akapelekwa Lamu. Sisemi kwamba kila msemaji sharti afungwe ili aaminiwe. Nasema kwamba neno lake lilikuwa na mwili wa kulilipia, na mwandishi aliyejificha nyuma ya karatasi hana budi kujiuliza kama angeisoma aya ile yeye mwenyewe, jina lake likitajwa, mbele ya jirani zake.

Basi yamkini utamwambia mgombea: "Mzee, nitaandika kwamba utadai hesabu ya bwawa kila kikao, na kwamba utarudi hapa sokoni kutueleza ulilojibiwa." Hilo aweza kulitimiza. Huenda akalipenda, maana wagombea wengine ni waungwana ambao hawajaonyeshwa njia nyingine ya kusema. Huenda pia akaichukua karatasi yake, akaipeleka kwa mwenzako wa dawati moja, naye ana haja ya karo kama wewe. Na siku ya gulio ukaisikia aya ile ile ikisomwa, na watu wakiipigia vigelegele.