Kompyuta Mpya, Diski Mbovu: Msikubali Kupigiwa Windows

Wanangu, vyuo vikikaribia kufunguliwa nawaona mkitoka Kariakoo na maboksi ya laptopu kifuani. Najua pesa hizo zimetoka wapi. Kuna mama aliyeuza mpunga kabla ya bei kupanda, kuna kaka aliyekopa kazini, kuna fedha ya kujikimu ambayo mwenyewe ulijinyima kula ili itoshe. Ndiyo maana naandika kwa uchungu. Nimeona wengi wakipoteza mali hiyo kwa sababu ya upole wao. Kompyuta mpya inaweza kutoka dukani ikiwa na diski mbovu. Hilo si ajabu wala si mkosi. Balaa linaanza pale mwenye kompyuta anapokubali kutulizwa.

Mpwa wangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni aliponunua laptopu mpya. Haikuchukua muda ikaanza kuganda. Akifungua faili, kiduara kinazunguka weee, mpaka anakata tamaa na kuizima kwa kidole. Ukitega sikio karibu na kibodi, upande mmoja unasikia mlio mdogo, tk, kimya, tk tk, kimya, kisha diski inajikaza upya. Akairudisha dukani. Kijana wa pale akamwambia, “Dada, hii Windows tu imezingua, acha tukupigie nyingine.” Wakapiga. Laptopu ikarudi nyepesi, naye akashukuru. Mlio uliporudi akaipeleka tena, wakapiga Windows nyingine. Akanipigia simu: “Mjomba, wanasema ni Windows.” Nikamwambia, mwanangu, Windows haina mlio. Lakini wakati huo waranti ilikuwa imebaki siku za kuhesabu, laptopu ikiwa kwa fundi wao, na ilipotoka muda ulikuwa umepita. Diski ikafa na sura ya nne ya utafiti wake. Kilichomwokoa ni madodoso ya karatasi aliyokuwa ameyafunga kwa mpira na kuyaweka chini ya kitanda. Akakaa usiku kuingiza majibu upya, moja moja.

Sasa sikilizeni kwa nini kupiga Windows kunadanganya. Diski ya kuzunguka ina sahani ndani yake zinazokwenda mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani hizo kwa nafasi ndogo mno, ya nanomita chache. Uso wa sahani umegawanywa katika sekta. Sekta ikiharibika, diski ina akiba ya sekta za ziada. Ukiandika kitu kipya pale palipooza, yenyewe inahamishia maandishi kwenye akiba bila kukuambia. Kwa hiyo ukifomati na kupiga Windows, sehemu zilizokuwa zinagoma kusomeka zinaandikwa upya au zinaachwa pembeni, na kompyuta inakimbia kama imepona. Ni sawa na kupaka chokaa ukuta unaonyonya maji. Ubovu upo palepale na unatambaa, na siku zenu za waranti zinakwisha mkiwa mmeridhika.

Kwamba kifaa kipya kinaweza kuwahi kufa, wanaotunza diski kwa maelfu wanalijua siku nyingi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu, ilitoa hesabu zake mwaka 2013: katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza diski zao zilikufa kwa kiwango cha asilimia 5.1 kwa mwaka, kisha zile zilizovuka hapo zikatulia kwenye asilimia 1.4, na baada ya mwaka wa tatu zikapanda hadi asilimia 11.8. Maana yake ni kwamba diski iliyotimiza miaka miwili huenda ni salama zaidi kuliko hiyo mliyoitoa kwenye nailoni leo. Kijana anafanya kinyume. Siku anayonunua kompyuta mpya ndiyo siku anayofuta flashi, anauza laptopu ya zamani, na kumimina kila kitu kwenye diski asiyoijua. Hapana. Ile ya zamani ikae kwanza. Kopi za zamani zikae kwanza.

Wiki ya kwanza ni ya kuichunguza. Zipo programu za bure zinazosoma hesabu ambazo diski inajiwekea. CrystalDiskInfo ndiyo inayojulikana zaidi kwa wanaotumia Windows. Ifungueni, tena ikiwezekana palepale dukani kabla hamjatoa pesa. Angalieni kwanza saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi. Kompyuta mpya inapaswa kuonyesha saa chache tu. Mkikuta maelfu, hiyo diski ilikuwa na bwana mwingine. Msidhani nawatisha: mwanzoni mwa mwaka 2025 Ujerumani iligundulika kuwa diski nyingi zilizouzwa kama mpya zilikuwa zimetumika maelfu ya saa, na waliozisafisha walikuwa wamerudisha hesabu ya saa kwenye sifuri. Zilikamatwa kwa sababu ndani yake kuna kumbukumbu nyingine ambayo hawakuifuta. Ikiwa yametokea huko, sisi tunaonunua mzigo uliopita mikono mingi tuna haki ya kuuliza.

Kwenye diski ya kuzunguka tazameni pia mstari wa 05, wa sekta zilizohamishwa, na wa C5, wa sekta zinazosubiri kuamuliwa. Kwa kifaa kipya yote miwili isome sifuri. Ikiwa na namba leo, na kesho namba imeongezeka, msisubiri kesho kutwa. Pigeni picha na mrudi dukani. Lakini tuwe waadilifu kwa muuzaji pia. Kwenye kompyuta ya mezani, mstari wa C7, wa makosa ya kupitisha data, ukipanda huku mingine imetulia, mara nyingi tatizo ni waya uliolegea njiani. Waacheni dukani waufungue na kuukaza mbele ya macho yenu. Ninyi msibandue kile kibandiko cha waranti hata kama mnajua kushika bisibisi, maana wengine wanangoja kisingizio hicho tu.

Na msidanganyike na neno jema ambalo CrystalDiskInfo inaliandika kwa rangi ya bluu. Watafiti wa Google walichunguza diski zaidi ya laki moja na kuchapisha matokeo mwaka 2007: asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote kwenye hesabu nne walizoziona kuwa ndizo zenye nguvu kuliko zote. Zaidi ya nusu zilikufa bila kubisha hodi. Diski za SSD ndiyo kabisa, hazina hata mlio. Novemba 2019 Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingezimika zikifikisha saa 32,768 kwa kosa la programu iliyomo ndani yake, na data zisingeokolewa. Aliyezifunga zote siku moja zingemfia karibu siku moja. Kwa hiyo kopi yenu ya pili isikae kwenye kifaa pacha, kilichonunuliwa pamoja na kinacholala begi moja. Flashi moja iache kwa rafiki, kopi nyingine weka kwenye barua pepe au hifadhi ya mtandaoni, hata kama bando linauma.

Ikiwa diski imekwisha kuanza kugoma na kazi yenu imo ndani, msiendeshe chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, msifomati, msiitikise. Toeni kwanza vile visivyopatikana tena, utafiti, picha za marehemu, vyeti vilivyoskaniwa; sinema ziacheni. Kila saa diski inapozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Ikiwa haisomi kabisa, izimeni. Wapo watakaowashauri muiweke kwenye friji, wapo watakaotaka kuifungua waone. Ndani ya friji inaingia unyevu, na chembe moja ya vumbi ni mlima kwa kichwa kinachoelea kwa nanomita.

Nimekaa na wengi wenu na najua kikwazo kikubwa si ujuzi, ni haya. Mnaona aibu kurudi dukani, mnaona mtaitwa wakorofi, na ukutani mmesoma “mali ikishauzwa hairudishwi”. Karatasi ile si sheria ya nchi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya kitu fulani auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na kasoro iliyofichika ndani ya diski si ya kukuambia eti ungeiona kwa macho. Ila sheria hiyohiyo ina meno upande wa pili: mnunuzi akikaa na mali kwa muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kuwa anaikataa, anahesabiwa ameipokea. Upole wenu unageuka kuwa ridhaa. Ndiyo maana nasema semeni mapema na semeni kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, picha ya skrini na maneno haya wazi: diski ni mbovu, sitaki Windows, naomba diski nyingine au kompyuta nyingine. Daini risiti ya EFD tangu siku ya kununua, maana bila hiyo mnajadiliana kwa mdomo. Wakikataa kabisa, ipo Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni kazi yake.

Kijana wa dukani mkaribieni kwa heshima. Mara nyingi naye ameajiriwa, hana amri ya kutoa kifaa. Mwombeni awaitie mwenye duka, na mketi kumngoja. Kabla ya kuikabidhi diski, kama bado inaitikia, toeni akaunti zenu na mfute mafaili ya siri, kwa sababu hamjui itaishia mkononi mwa nani. Kama Windows iliifunga kwa BitLocker, nakilini ule ufunguo wa kurejesha mapema, kabla kompyuta haijaenda kwa fundi. Wakiwapa diski nyingine, namba yake iandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe, na muuzaji atie saini mkiwa mmesimama pale. Kisha msipitie kijiweni. Nendeni moja kwa moja nyumbani, mfungue ile programu, na msome hesabu za diski hiyo mpya mstari kwa mstari.