Kushikwa na Hasira, Kuweka Kinyongo

Je, ni haki kumwadhibu mtoto kwa sababu amekasirika? Wazee wengi watajibu upesi kwamba ni haki, na walimu wengi wamekwisha kujibu kwa fimbo. Nadhani jibu hilo limechanganya mambo mawili ambayo lugha yetu iliyatenga zamani.

Sikiliza Kiswahili kinavyosema. Mtu hushikwa na hasira, hupandwa na ghadhabu, huingiwa na hofu, hupatwa na huzuni. Katika misemo hii yote mwanadamu hatendi, hutendwa. Hasira ni mgeni asiyepiga hodi. Walakini kinyongo hakimshiki mtu: mtu huweka kinyongo. Hapo yeye ndiye mtendaji, ndiye mwenye nyumba aliyemtandikia mgeni kitanda. (Haya ina kanuni yake: sisi huiona, kana kwamba imesimama mbele yetu. Hilo lastahili insha yake lenyewe.) Kwa hiyo kujiwa na hasira si kosa. Hesabu ya mtu huanza katika lile alitendalo baada ya kujiwa.

Tumchukue mtoto wa darasa la kwanza katika Mamba, huko Mpimbwe, kaskazini ya Ziwa Rukwa, katika Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Nyumbani kwao yamkini husemwa Kipimbwe, ama Kisukuma, maana wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakihamia bonde hilo na ng'ombe wao tangu miaka ya 1970. Shuleni anakuta Kiswahili. Atafundishwa majina ya vitu vilivyomo darasani, na kuhesabu moja hata mia. Nani atamfundisha jina la kile kinachomkaba kooni wenzake wanapoyacheka matamshi yake? Hana neno, basi anatumia ngumi. Mwalimu husema kwamba mtoto huyu ana hasira. Lakini aghalabu hasira ilikuwa ya mwisho kufika. Ya kwanza ilikuwa aibu, na nyuma yake woga wa kurudi kesho mahali pale pale. Mtoto asiyeweza kuitenga aibu na hasira ana dawa moja tu kwa maradhi mawili, nayo ni kupiga.

Wala lugha yetu si maskini wa majina. Kununa si kususa. Aliyenuna amekunja uso, lakini bado yumo katika shauri. Aliyesusa ameacha chakula au mchezo ili kuacha kwake kuonekane. Aliyesononeka huumia bila ya kumlaumu mtu. Mwenye kijicho huumwa na neema ya mwenzake. Mama amwambiaye mtoto, kwa lugha yoyote ya nyumbani, kwamba amesusa kwa kuwa mdogo wake alipakuliwa kwanza, amempa neno pamoja na sababu yake. Mwalimu naye akimwacha aseme kwanza kwa lugha ya mama, kisha akampa jina la Kiswahili, amefanya kazi ile ile.

Wako wasemao kwamba mtoto aulizwaye habari za moyo wake atadeka. Sikubali. Kudeka ni kupewa utakacho kwa sababu umelia. Kuulizwa kwa nini unalia, kisha ukanyimwa, ni jambo jingine kabisa.

Sasa fimbo. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Naona maana kubwa katika kitabu hicho: mkono ulioshika kalamu umekwisha kuiacha fimbo, japo kwa dakika moja. Seneca wa Rumi, katika kitabu chake juu ya hasira, ametaja kwamba Socrates alimwambia mtumwa wake kuwa angempiga lau asingekuwa amekasirika. Nashuku kuwa mwalimu akingoja hivyo, mara nyingi hasira ikiondoka itaondoka na sababu ya kupiga. Mwaka 2018 huko Bukoba mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Hakuna mtaala wa watoto utakaofaa kitu ikiwa mtu mzima darasani ndiye asiyejua kilichomshika.

Na nyumbani ni vivyo hivyo. Baba arudiye jioni kutoka shamba la mpunga, amechoka, na mvua haikumpendeza, humkemea mtoto aliyemwaga maji kidogo. Angeweza kusema: “Nina hasira, mwanangu, lakini si zako.” Maneno hayo hayangojei shule, na mtoto wa miaka mitano huyafahamu.