Kilicho Wazi na Kilichokaguliwa

Je, kitu kilichowekwa wazi ndicho kitu kilichokaguliwa? Aghalabu watu huyachukulia mambo haya mawili kuwa ni mamoja, na hapo ndipo dhana inapopotea njia.

Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia kusafirishwa nje kwa makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba uliotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, mkoani Shinyanga. Makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Mwezi Mei, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikaeleza kwamba dhahabu iliyomo yazidi mno ile iliyotajwa, kampuni ikakanusha. Mzozo ukamalizwa kwa mazungumzo, na mkataba ukatiwa saini Januari 2020. Lakini mkaazi wa Kahama alikuwa na njia gani ya kuupima ukweli? Kontena limefungwa, na mizani imo mikononi mwa wengine. Alilobakiwa nalo ni kuchagua wa kumwamini.

Waundaji wa Linux, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, wamefuata mwendo mwingine. Anayeandika kiendeshi kipya, yaani programu inayokiwezesha kiini cha mfumo kusemezana na chombo fulani, hukiweka hadharani mstari kwa mstari. Wengine hukisoma, huhoji, hukirudisha kirekebishwe. Aliyeridhika hutia jina lake kuwa amekikagua. Uangalifu huo una sababu: kiendeshi hufanya kazi ndani ya kiini, na kosa lake moja laweza kuuangusha mfumo mzima.

Hata hivyo, uwazi nao una udanganyifu wake. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro kubwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano ya intaneti. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa mbele ya macho ya walimwengu kwa takriban miaka miwili. Kila mmoja alidhani mwenziwe ameshaisoma. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi uwazi ni ruhusa ya kutazama. Kutazama kwenyewe ni kazi, na kazi hutaka mtu na elimu yake. Mwaka 2019 Geita ilifunguliwa soko la dhahabu, ili muuzaji na mnunuzi wakutane mbele ya maofisa wa serikali. Ni hatua njema. Lakini mchimbaji mdogo asiyeweza kuisoma mizani, wala kujua usafi wa dhahabu yake hupimwaje, atasimama sokoni kama alivyosimama yule wa Kahama nje ya kontena. Kwake yeye, waraka uliofunguliwa na uliofungwa ni mamoja.

Anayedai mambo yawekwe wazi amedai haki. Ila haki hiyo haijatimia mpaka wapatikane wanaojua kusoma kilichowekwa, na wakakubali taabu ya kukisoma.